Kosa Moja la Chuo cha Idunduwe

Iko nchi moja ambayo jina lake nitalihifadhi, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na kibali hutolewa siku za Alhamisi na afisa ambaye Alhamisi huwa hayupo. Ni nchi nzuri sana. Barabara zake zote zimenyooka kwenye ramani, mito yake hufurika kwa tangazo, na watoto wa maskini husomeshwa kwa mkopo wa Shirikisho. Kijana akifaulu hujaza fomu, chuo humpima umaskini wake, na akionekana maskini wa kutosha hukopeshwa ada, kitanda na wali maharage. Mimi ninayesimulia nimetafuta pa kukejeli hapo, sijapaona.

Shida ilianzia kwenye ukaguzi. Mwaka wa kwanza wakaguzi walizunguka vyuo vyote, wakarudi na habari kwamba mikopo imetolewa sawasawa. Waziri akafoka: kama makosa hayapo, nyinyi mlikwenda kufanya nini huko? Mwaka wa pili wakarudi na makosa katika kila faili la pili. Waziri akafoka zaidi, maana safari hii Bunge lilikuwa limemfokea yeye kwanza. Ndipo ikaundwa Tume ya Wataalamu. Ilijifungia hotelini siku tisa, ikala mbuzi kumi na mmoja, ikatoka na jawabu ambalo majirani bado wanatuonea wivu: Kiwango Halali cha Makosa.

Kiwango chenyewe ni rahisi, hata mbunge anakielewa. Katika kila wanafunzi ishirini na watano waliokopeshwa, mmoja lazima awe amekopeshwa kimakosa. Chuo chenye makosa zaidi ya hapo ni chuo cha wezi. Chuo chenye makosa pungufu ni chuo chenye kiburi, na hunyang'anywa mikopo yote mpaka kijifunze unyenyekevu.

Vyuo havikulia. Vilijipanga. Kama mwenye nyumba mwenye akili anavyofuga kuku wa mgeni, navyo vyuo vikaanza kufuga mwanafunzi wa mgeni. Huyu alikuwa mtu asiyekuwepo, mwenye jina, namba na picha ya mtu yeyote, aliyeandikwa katika orodha ya mikopo makusudi ili mkaguzi akifika amkute. Mkaguzi akifika, anamkuta. Anampiga mhuri wa kosa, hakuna anayelia, chai inaletwa, na mwakani anafugwa mwingine. Nchi ikatulia kabisa.

*

Miongoni mwa wakaguzi hao alikuwepo Gaudensi Matembo, mtu wa makamo, mrefu, mwenye koti la kahawia lililopauka mabegani na kalamu nyekundu aliyokabidhiwa siku ya kiapo. Alikuwa mwaminifu, jambo ambalo ofisini kwao lilichukuliwa kama ulemavu mdogo: hawakumcheka mbele yake. Mkewe, Mama Bertila, alikoma kwenda naye misibani tangu siku Gaudensi aliposahihisha ratiba ya mazishi na kumrudishia mchungaji mbele ya jeneza.

Kwa miaka mingi Gaudensi alipiga mhuri wanafunzi wa mgeni, na moyoni aliishukuru desturi ile. Haikuwa ya kweli, hilo alilijua. Lakini haikumuumiza mtu, na mtu mwaminifu akifanya kazi serikalini muda mrefu hujifunza kuhesabu hilo kuwa karibu sawa na ukweli.

Mwaka ninaousimulia alipangiwa Chuo cha Ualimu cha Idunduwe, chuo kidogo kule milimani ambako ukungu huingia darasani kabla ya mwalimu. Wakopaji wake walikuwa ishirini na watano kamili. Kosa lake, kwa hiyo, lilikuwa moja tu. Gaudensi alifungasha mashati mawili, akamwambia mkewe atarudi kesho kutwa.

Alipokewa na afisa mikopo wa chuo, Bi Ruzuna Kapalata, mama mfupi mwenye viatu vilivyoisha visigino, aliyekuwa na miezi saba tu kazini.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu sana Idunduwe."

"Marahaba, mama. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Mafaili ishirini na matano haya hapa. Hawa wote nimekwenda makwao, mzee, mmoja mmoja. Gari lilipokwama nilishuka nikatembea. Nimewaona wazazi, nimeona vitanda, nimeona hata sufuria."

Gaudensi akasifu, akakaa, akavaa miwani. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia maliwato katika nyumba ya wakwe: "Na mgeni yuko wapi?"

"Mgeni gani tena?"

"Yule wa kwenye orodha."

"Aaa, yule!" Bi Ruzuna akapiga makofi kwa furaha. "Nilimkuta, mzee. Jina lipo, mtu hakuna! Mtangulizi wangu alikuwa mzembe kweli. Nikamfuta siku ileile, na nafasi yake nikampa binti mmoja mwenye shida ya haki."

Gaudensi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Alimtazama yule mama aliyekuwa akisubiri kusifiwa mara ya pili, akavuta faili la kwanza.

*

Alikagua siku ya kwanza, hakuona kosa. Alikagua siku ya pili kuanzia faili la mwisho kurudi la kwanza, maana makosa mengine huogopa kuja kwa mbele. Hakuona. Siku ya tatu asubuhi Bi Ruzuna aliacha kumletea chai kwa shangwe, akaanza kuileta polepole na kuchungulia uso wake. Ikabidi amweleze. Alimweleza Kiwango, kiburi, na adhabu yake. Bi Ruzuna alisikiliza akiwa amesimama na birika mkononi, na chai ikapoa humo humo.

Saa saba Gaudensi alimpigia simu Mkurugenzi Mkuu wa Ukaguzi, Mheshimiwa Dakta Zefania Lugongo, ambaye udakta wake wa heshima alitunukiwa na chuo kimoja juma lilelile alipokuwa akikikagua.

"Matembo!" ilinguruma simu. "Taifa zima limekwisha kutimiza makosa yake. Umebaki wewe peke yako. Unataka nikasimame mbele ya Bunge tukufu nikiwa na upungufu?"

"Mheshimiwa, nimetafuta. Halipo."

"Haliwezi kutokuwepo. Penye binadamu pana kosa. Hata vitabu vya dini vinasema. Ulichokosa wewe ni bidii."

"Na nikilikosa kabisa, mheshimiwa?"

"Basi hao wana kiburi. Futa mikopo yote ishirini na mitano, funga ofisi, njoo nyumbani. Nataka jibu saa kumi. Saa kumi na moja nina kikao cha harusi."

Simu ikakatika. Nje ya dirisha wanafunzi walikuwa wakipanga mstari wa chakula, kila mmoja na sahani yake, wakisukumana na kucheka. Gaudensi aliwahesabu bila kutaka. Alipofika ishirini na tano aliacha.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo mtu mwema alipofanya jambo ambalo mtu mbaya asingelifikiria. Mkaguzi mbaya angechagua faili bovu. Lilikuwepo la kijana mmoja ambaye mhuri wa mtendaji wa kata ulififia, na lingine la binti aliyekosea tarehe akaifuta kwa raba. Gaudensi aliyashika, akayarudisha. Aliwaza hivi: mnyonge huyu nikimpiga mhuri, atakwenda Dawati la Rufaa, wataona ule mhuri uliofifia, watamla mzima. Lakini nikichagua faili ambalo halina hata unywele wa kasoro, Rufaa watalisoma, watashangaa, na watamrudisha mwenyewe darasani ndani ya wiki mbili. Aliliamini Dawati la Rufaa kama tunavyoiamini pepo: hakuwahi kufika, na aliowajua waliofika hawakurudi kusimulia.

Kwa hiyo akatafuta faili safi kuliko yote. Halikumpa taabu. Lilikuwa la Atuganile Sanga, mwaka wa pili, ualimu wa hesabu.

Kila herufi ilikaa ndani ya kisanduku chake. Baba: marehemu, cheti cha kifo kimeambatishwa. Mama: anapasua kokoto kando ya barabara kuu, barua ya mtendaji imeambatishwa, na picha ya mama mwenyewe juu ya rundo la mawe, nyundo mkononi, akitazama kamera kama aliyeitwa ghafla. Penye swali la ndugu wanaoweza kusaidia, binti aliandika: "Wapo, lakini nao wana kwao." Penye swali la mali, ambapo wenzake wote waliandika hakuna, yeye alijaza: "Kamusi moja. Mkebe wa hesabu mmoja, bado mpya."

Gaudensi alisoma mstari huo mara mbili. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kukutana na mtu aliyeitangazia serikali mkebe wa hesabu. Akaliweka faili mbele yake.

Bi Ruzuna alipoliona akaweka mkono mdomoni. "Si huyo, mzee. Huyo ndiye niliyempa nafasi ya mgeni."

"Ndiyo maana hataanguka. Faili hili linajitetea lenyewe, mama."

"Niandike mimi. Andika afisa mikopo ni mzembe, mlevi, andika lolote. Mimi ndiye kosa."

"Nafasi ya kuandika hivyo haipo," alisema Gaudensi, na alisema kweli. Fomu alikuwa ameigeuza pande zote mbili kuitafuta. "Atarudi ndani ya wiki mbili. Nakuapia."

Aina ya kosa ilitakiwa ichaguliwe katika orodha. Alipita kosa la kughushi, la kuficha baba, la kuongeza umri, hakupata linalofanana na binti yule hata kwa mbali. Mwisho wa orodha palikuwa na namba kumi na tisa: Mengineyo. Akaizungushia kalamu nyekundu. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano, na mkono wake haukutetemeka, jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe.

*

Dawati la Rufaa lilikuwa na fomu nzuri, yenye nembo ya taifa juu na swali moja tu chini: "Eleza kosa lako kwa maneno yako mwenyewe, usizidishe mistari mitatu."

Atuganile aliikalia fomu hiyo siku nzima. Mwishowe akaandika: "Sijaliona. Naomba nionyeshwe."

Baada ya wiki sita akajibiwa: "Mwombaji hajalitambua kosa lake, hivyo hawezi kuwa amelijutia. Rufaa imekataliwa."

Akakata tena. Safari hii alijichunguza kama alivyofundishwa kuchunguza hesabu iliyogoma, mstari kwa mstari kutoka juu, na kwa kuwa ilibidi apate kitu, akapata. Akaandika: "Huenda niliukosea mkebe wa hesabu kwa kuuita mali, kumbe ni kifaa. Najuta." Nalo jibu likaja, limepigwa chapa vizuri: "Kosa lililotajwa na mwombaji silo lililomo katika daftari. Rufaa imekataliwa. Kosa jipya limepokelewa kwa shukrani."

Wakati huo kitanda chake chuoni kilikuwa kimeshapewa mwingine. Bi Ruzuna alimlipia wali wa mezani wiki tatu kutoka mfukoni mwake, kisha mkuu wa chuo akamwandikia onyo, kwa sababu mwanafunzi ambaye ni kosa hali chakula cha walio sahihi. Binti alifunga vitu vyake katika wiki ya tisa. Kamusi alimwachia mwenzake wa chumbani, mkebe akaondoka nao.

Gaudensi alikuwa akifuatilia. Kila asubuhi alipita Dawati la Rufaa akiuliza, na kila asubuhi aliambiwa faili lipo mezani. Siku aliposikia rufaa imekataliwa mara ya pili alipanda ghorofa ya nne kwa miguu, akaingia kwa Mkurugenzi bila kungoja kuitwa.

"Mheshimiwa, lile kosa la Idunduwe si kosa. Binti yule hakukosea kitu. Mimi ndiye niliyekosea, nililitunga."

Dakta Lugongo alimtazama kwa huruma ya kweli. Alikuwa na moyo mwepesi. Alilia kwenye harusi zote.

"Kaa, Matembo. Maji? Mletee maji. Sasa sikiliza. Ripoti imeshasomwa Bungeni. Wabunge wameipigia meza. Waziri amevishwa nishani ya Usahihi, daraja la pili. Unataka nimfuate Waziri nimwambie avue?"

"Nataka binti arudi darasani."

"Akirudi, makosa ya taifa yanapungua moja. Yakipungua moja, taifa zima lina kiburi. Tufute mikopo ya nchi nzima kwa ajili ya mtu mmoja? Wewe una watoto, bwana."

"Basi iandikwe kwamba mkaguzi amekosea. Niadhibiwe mimi."

Mkurugenzi akavuta daftari jingine, jembamba, akalipekua kwa kidole alichokilowesha ulimini. "Nyinyi wakaguzi mmetengewa makosa mawili kwa mwaka, idara nzima. La kwanza alilitumia Kiyumbi, alikagua chuo kisichokuwa chetu. La pili..." Akagonga ukurasa kwa kidole. "La pili lilitumika Februari. Nafasi zimejaa, ndugu yangu. Njoo mwakani."

Na mwakani alikwenda, tarehe mbili Januari, mtu wa kwanza mlangoni. Akaambiwa kwamba makosa ya mwaka mpya ni ya mambo ya mwaka mpya. Ya mwaka jana yamefungwa.

*

Nilisahau kusema kwamba nchi ile ina Sikukuu ya Kiwango. Huwa na gwaride la maafisa mikopo, ngoma, na soda mbili kwa kila mgeni mwalikwa. Mwaka ule Waziri alihutubia muda wa saa mbili na nusu, nishani ikimng'aa kifuani.

"Wananchi," alisema, "zamani tulikuwa tukikosea ovyo ovyo, kila mtu kivyake, kama taifa lisilo na wenyewe. Leo tunakosea kwa mpango! Kuna wanaoniuliza, Waziri, makosa haya yatakwisha lini? Nawajibu: hayataisha, maana tumeyajengea msingi!"

Watu wakapiga makofi. Kisha zikatolewa tuzo, na jina la Gaudensi Matembo likaitwa. Jopo la majaji sita, watano kati yao maprofesa, lilikuwa limepitia makosa yote ya taifa na kulitangaza la Idunduwe kuwa Kosa Bora la Mwaka. Mwenyekiti wa jopo alieleza kwamba makosa mengine yalionekana kwa macho, hata mtoto angeyaona. Lakini hili walilisoma miezi miwili, kwa miwani na bila miwani, na hakuna jaji hata mmoja aliyefaulu kuona kosa lenyewe liko wapi. "Hicho," alisema, "ndicho kipaji."

Gaudensi alipewa saa ya ukutani. Alisimama jukwaani akiwa ameikumbatia, mpiga picha akamwambia atabasamu, na yeye akawaza kwamba watu sita wenye vyeti wamelisoma faili la yule binti, wameliona halina kosa, na wamempa yeye zawadi. Alishuka ngazi akilia. Gazeti la kesho yake liliandika kwamba mshindi alizidiwa na furaha.

Mwezi uliofuata alipangiwa tena Idunduwe. Bi Ruzuna alimwandalia meza, chai na mafaili ishirini na matano, akamwamkia vizuri tu, ila hakumwita mzee wangu. Faili la juu kabisa lilikuwa limetengwa na mengine, jipya, jembamba. Alilifungua. Mwanafunzi wa mgeni wa mwaka huo, picha ya mtu asiyejulikana, anasoma udobi katika chuo cha ualimu, jina lake Gaudensi Matembo.

Aliinua macho. Bi Ruzuna alikuwa akimimina chai, hakumwangalia. Gaudensi akalipiga mhuri faili lile, akanywa chai yake yote, akashukuru, akaondoka. Kazi yote ilimchukua robo saa.

*

Mwaka wa tatu tangu kosa lile, Jumamosi moja asubuhi, Mama Bertila alimkuta mumewe barazani akichambua mchele kwa ajili ya chakula cha mchana, akamwambia kuna binti mlangoni anakuulizia, anasema hatakaa sana.

Hakumjua kwa sura. Hakuwahi kumwona ila katika picha ndogo ya pasipoti. Alimjua kwa bahasha. Ilikuwa ya kaki, imefunikwa na mfuko wa nailoni isipate vumbi, na ilikuwa na vumbi hata hivyo, lile jeupe la kokoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Asante. Mimi ni Atuganile Sanga. Nilikuwa Idunduwe." Akakaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja. Mikono yake ilikuwa imepasuka vidoleni, na kidole gumba kimoja kilifungwa kitambaa. "Sikuja kulalamika, baba, usiwe na wasiwasi. Niliambiwa wewe ndiye uliyeliona kosa langu."

Ndani, saa ya ukutani ilikuwa ikigonga.

"Nina mdogo wangu, Bupe. Amefaulu kidato cha sita, anataka kujaza fomu ya mkopo. Ananiuliza ajazeje, nashindwa kumwelekeza. Kwenye hesabu mwalimu akikuwekea kosa unarudi juu, unakwenda mstari kwa mstari mpaka unapaona ulipoteleza. Mimi nimekwenda miaka mitatu sijapaona." Akaitoa fomu, akaitandaza juu ya meza kwa kiganja. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kutoboka. "Naomba unionyeshe tu. Ili Bupe asipite nilipopita."

Angeweza kusema uongo. Nchi nzima ingemsaidia. Lakini tumeshasema alikuwa na ule ulemavu wake.

"Hukukosea," alisema. "Hakuna kosa humu. Walitaka mmoja, na mimi nikakuchagua wewe."

Binti akatazama fomu, akamtazama yeye. "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu lako lilikuwa safi kuliko yote. Niliona litashinda rufaa." "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakuokoa."

Mama Bertila, aliyekuwa amesimama na maji ya mgeni mlangoni, aligeuka akarudi ndani nayo.

"Kwa hiyo Bupe nimwambie achafue?" aliuliza Atuganile. Hakuwa akimkejeli. Alitaka kujua.

"Sijui. Mungu anajua, sijui."

"Wiki ile niliporudi nyumbani," alisema binti taratibu, "mama aliniuliza, umekosea nini huko? Nikamwambia nimekosea fomu, mama. Akakasirika siku mbili. Siku ya tatu akanichongea mpini wa nyundo, akasema basi, kila mtu hukosea, nimekusamehe." "Alishanisamehe, baba. Sasa nikamwambie nini?"

Gaudensi alifunika uso kwa mikono. Alilia bila sauti, mabega yakicheza ndani ya shati la Jumamosi, na binti akangoja kwa adabu mpaka amalize, kama anavyongojwa mkubwa.

Kisha akaisogeza fomu mbele yake. "Hebu tafuta tena. Labda lipo. Hata dogo."

"Mwanangu..."

"Lolote, baba. Wewe ndiye mwenye macho ya kazi hii."

Akavaa miwani. Akaitoa kalamu nyekundu mfukoni, kwa mazoea tu, akaanza juu: jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji. Baba, marehemu. Mama, kokoto. Ndugu wapo, lakini nao wana kwao. Kamusi moja. Mkebe wa hesabu mmoja, bado mpya. Akafika chini kwenye sahihi, akarudi juu. Mchele uliachwa kwenye ungo, kuku wakaja wakaudonoa, hakuna aliyewafukuza. Mara ya tatu alikwenda na kidole, kisanduku kwa kisanduku, huku binti ameinama upande wa pili wa meza akifuatisha naye, midomo ikisoma kimya. Kwa kweli alitamani kuliona. Angetoa miaka yake yote ya kazi apate tarehe moja iliyogeuzwa, herufi moja iliyotoka nje ya mstari, ampe aende nayo nyumbani.

Jua lilipofika kwenye meza, Atuganile akaishika fomu pembeni, akaivuta polepole kutoka chini ya mkono wake. Akaikunja kwenye mikunjo yake ileile, akairudisha ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya nailoni.

"Basi, baba, usijitese," alisema akisimama. "Nitamwambia mama bado mnalitafuta."